Mbwa Mkavu wa Barani

Nianze na kosa langu, maana nikianza na sifa nitajiona mwongo. Kwa miezi minne nilimwosha mbwa wangu kila baada ya siku mbili, na kila Ijumaa asubuhi bila kukosa, kwa sabuni ya kipande tunayofulia nguo, mpaka manyoya ya tumboni yakaanza kunyonyoka. Hakuwa mchafu. Nilimwosha kwa sababu nilikuwa naogopa.

Ninaishi Barani, Malindi, katika chumba kimoja cha uani kwa mama mmoja wa Kiswahili ambaye nyumba ni yake, ua ni wake na maji ni yake. Mimi humwita bibi, naye huniita mwanangu, ingawa siku ya kwanza alinitazama kitambo kabla ya kunipa ufunguo: msichana peke yake, fundi wa simu, Mkristo wa kutoka Ganze. Alinipa masharti mawili. Muziki usivuke ukuta, na nguo za ndani zisianikwe upande wa mbele. Niliyaandika nikayabandika nyuma ya mlango. Ndivyo nilivyo. Kufuli nalivuta mara tatu, kisha narudi kutoka njiani kulivuta mara ya nne. Ufundi wenyewe nilijifunza peke yangu kwa kufungua simu zilizokufa, na simu moja ikinishinda, sili vizuri wiki nzima.

Mbwa hakuwamo kwenye masharti kwa sababu hakuna aliyedhani ningeleta mbwa.

Nilimtoa Ganze, kwa hawe, ndivyo tunavyomwita bibi mzaa baba kwetu. Kule mbwa hana bakuli. Anakula kilichoanguka, anakunywa kilichobaki, na akiugua hujiendea kichakani huku watu wakiendelea na palizi. Siwezi kuuita ukatili. Maji hubebwa kichwani kutoka mbali, na hakuna anayempimia mbwa kabla ya mtoto. Lakini nilipokuwa darasa la tano tulikuwa na mbwa wa rangi ya majivu aliyenisindikiza shule kila asubuhi na kunisubiri kwenye njia panda kila jioni. Kiangazi kimoja alikufa nyuma ya ghala, ulimi nje. Hakuna aliyemwekea maji. Mimi pia sikumwekea, na mimi ndiye niliyekuwa nikisindikizwa.

Kwa hiyo nilipomtembelea hawe na kukuta watoto wa mbwa, madume wawili wameshaombwa na majirani na jike limebaki chini ya kitanda cha nje, nilisema nitalichukua kabla sijafikiri.

"Chukua," hawe akasema, "lakini hilo ni jike. Utajaza Malindi nzima."

"Akikua nitampeleka kwa daktari afungwe kizazi."

Hawe alicheka mpaka akajishika kiuno. "Mbwa apelekwe kwa daktari! Na goti langu mimi?"

Mwezi uliofuata nilimpeleka hawe kliniki kwa ajili ya goti. Sikutaka mtu yeyote apate la kusema.

Siku nilipomleta mjini, bibi mwenye nyumba alikuwa barazani anachambua mchele.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mwanangu. Hicho kikapu chako chalia."

"Ni mbwa, bibi."

"Subhanallah! Mbwa wa nini?"

"Wa kulea."

"Watu walea watoto," alisema, akarudi kwenye mchele wake. Alichambua sinia zima bila kuniangalia, nami nikasimama palepale na kikapu changu. Mwishowe akasema, "Wiki jana wezi wamechukua mtungi wa gesi hapo jirani. Haya. Akae kule nyuma, kwenye mwarobaini. Asiguse chombo changu, asiguse nguo yangu, asivuke kuja huku."

Jioni hiyohiyo nilipanga mawe ya matumbawe kutoka ukutani hadi kwenye tangi la maji, nikayapaka chokaa, ukawa mpaka. Nyuma ya mlango wangu nikaongeza karatasi ya pili. Mbwa nilimpa jina, lakini bibi hakulitamka hata siku moja. Alimwita "yule mwenzio". Yuwapi yule mwenzio? Mwenzio amekula?

Sasa mtu kama mimi akipata mbwa hapati mnyama tu, anapata mtihani. Nilisoma kwenye simu mpaka macho yakauma. Nilijifunza kuwa mifupa ya kuku iliyopikwa hupasuka vipande vikali, nikaacha kumpa. Nilijifunza kupika ugali mlaini na dagaa wasio na chumvi, kubadilisha maji asubuhi na jioni, kupekua masikio na katikati ya vidole kutafuta kupe. Nilimtembeza alfajiri kwa kamba, na kinyesi chake nilikiokota kwa gazeti kuukuu. Hapo ndipo vijana wa bodaboda walipoanza kuniita Mtaliano, kama wale wageni wa Malindi wanaotembeza mbwa ufukweni.

"Mtaliano! Umepoteza nini hapo chini?"

"Mwache, anaokota dhahabu."

Nilitembea nikitazama mbele na gazeti langu mkononi, masikio yakiwaka moto.

Lakini jambo moja sikulisoma popote wala sikumwuliza mtu. Nilijua Waislamu huona mbwa ni najisi. Katika akili yangu neno hilo lilikuwa na maana ya uchafu, na uchafu dawa yake ni sabuni. Nikajiambia kuwa mbwa wangu akiwa msafi kuliko watu, bibi hatakuwa na neno, na Ijumaa, siku yao kubwa, awe msafi zaidi. Kumwuliza bibi kungekuwa kukiri kwamba sijui, na kukiri kwamba sijui ndicho kitu ninachokiogopa kuliko nyoka. Kwa hiyo kila Ijumaa saa tatu nilijaza ndoo, nikamsugua mbwa mpaka povu likawa jeupe. Bibi alinitazama kutoka dirishani akitikisa kichwa. Mimi nilidhani ananisifu.

Ijumaa moja mbwa, ambaye kwa wakati huo alikuwa amekua, alinichomoka mikononi akiwa amejaa povu. Aliruka mawe ya chokaa, akakimbia hadi katikati ya ua, akasimama chini ya kamba ya nguo na kujikung'uta. Nakumbuka matone yakiruka kwenye jua. Kwenye kamba kulikuwa na kanzu ya mwanawe bibi, iliyopigwa pasi kwa ajili ya swala ya Ijumaa na kuning'inizwa ipate upepo, na leso mbili ambazo bibi huzivaa akiswali.

Bibi alitoka. Hakupiga kelele, na laiti angepiga. Alizishika pindo moja moja kama mtu anayekagua mwili wa mgonjwa.

"Nimemwosha, bibi," nilisema. "Ni msafi kabisa. Nimemwosha kwa sababu ya Ijumaa."

Aligeuka. "Kwa sababu ya Ijumaa?"

"Ndiyo, ili msione vibaya."

Akakaa kwenye kigoda. Ilionekana anataka kulia na anataka kucheka na havimjii vyote viwili. "Mwanangu, miezi yote hii waniletea balaa mlangoni ukidhani waniletea zawadi. Mbwa mkavu akipita kwenye nguo kavu, hapana neno. Mate yake na maji yake ndiyo kazi. Akirowa ndipo nimwogopapo. Na wewe kila Ijumaa wamrowesha!"

Nguo zile zikaoshwa mara saba, na mara moja kati ya hizo kwa udongo. Nilimwomba nimsaidie, akakubali nichote maji na kuleta udongo safi, kuosha akaosha mwenyewe. Ilikuwa wiki ambayo maji ya bomba hayakuja, kwa hiyo kila ndoo niliisukuma kwa mkokoteni kutoka kisimani. Mwanawe alikwenda msikitini kwa shati na kikoi, akanipita akisema kwa upole, "Pole, dada." Upole wake ulinichoma kuliko tusi.

Jioni bibi aliniita. "Sikufukuzi wewe," alisema. "Lakini Ramadhani yaja, na mwezi wa Ramadhani mie nataka ua wangu uwe na utulivu. Mwezi ukiandama nisimwone hapa."

Zilibaki wiki tano. Na kama si hapa, ni Ganze. Niliwaza ghala, nikawaza ulimi. Hawe angempokea bila ubaya wowote, na bila bakuli.

Siku ya pili nilimpeleka kwa daktari wa mifugo, kwa ajili ya ile ngozi iliyokuwa ikinyonyoka. Ni mtu mnene, mcheshi, aliyemfunga kizazi mbwa wangu miezi miwili nyuma na hakumsahau. Alimgeuza tumbo juu, akatoa miwani.

"Wamwosha mara ngapi?"

Nilimwambia.

"Nani alikufundisha?"

"Nilisoma kwenye simu."

"Simu ya mbwa au ya watu?" Aliona uso wangu, akalainisha sauti. "Ngozi yake ina mafuta yake. Wewe wayatoa kila siku, ndiyo sababu ajikuna. Mwoshe akichafuka, labda mara moja kwa mwezi, kwa sabuni yake. Siku nyingine mpige brashi. Huyu ataka kuwa mkavu, basi."

Nilirudi nyumbani nikiwa na aibu na furaha pamoja. Ngozi ya mbwa na dini ya bibi vilikuwa vinataka kitu kimoja, na mimi peke yangu ndiye niliyekuwa nikivipinga, tena kwa jasho langu.

Kwa hiyo kwa wiki tano nilimfundisha mbwa kuwa mkavu. Nilitandika gunia kwenye sehemu iliyoinuka yenye jua, karibu na banda lake. Nilimmwagia maji kidogo mgongoni, nikasema "Kauka!" na kumwongoza hadi kwenye gunia. Akilala, kipande cha dagaa. Akiinuka kabla ya wakati, hapati kitu, tunaanza upya. Alitakiwa akae pale mpaka nimpapase mgongo kwa kiganja kikavu; mkono wangu ukitoka bila unyevu ndipo yuko huru. Siku za kwanza alinitazama kana kwamba nimepandwa na kichaa. Siku ya kumi na moja, nilisema "Kauka" mara moja tu, akaenda. Niliingia chumbani nikafunga mlango, nikalia kidogo. Sijui kama watu wengine hulia kwa mambo kama hayo.

Bibi aliyaona yote kutoka barazani. Siku moja nilimsikia akimwambia jirani kupitia ukuta, "Wamwona? Mbwa yuasoma chuo kama mtoto wa madrasa."

Wiki ya tatu kulikuwa na chanjo ya kichaa cha mbwa kwenye uwanja wa shule. Mbwa wangu alishachanjwa, nilikuwa na kadi yake, nimeitia kwenye karatasi ya plastiki isirowe. Lakini mtaani watu walifungia mbwa wao ndani, wakisema sindano humfanya mbwa mvivu wa kulinda. Bibi aliniomba ile kadi. Aliisoma kwa miwani, mbele na nyuma, kisha akaenda kusimama mlangoni pake na kuwaambia waliopita, "Wachanjeni hao. Watoto wenda chuoni kwa njia hii. Huyu wa kwetu ashachanjwa, kadi hii hapa." Majirani watatu walitoa mbwa wao, mmoja amefungwa kwa waya, mwingine kabebwa begani kama mbuzi. Nilijiambia nisitie maanani lile neno, wa kwetu. Nilitia maanani siku nzima.

Hata hivyo hakulibadilisha sharti lake, na sikuthubutu kuuliza.

Siku nne kabla ya mwezi, bibi aliosha bizari. Kila mwaka hununua giligilani na bizari nyembamba za mfungo mzima, huziosha na kuzianika uani juu ya mikeka kabla ya kuzipeleka kusagwa. Asubuhi ile ua wote ulinukia. Mikeka mitatu ilikuwa imetandazwa, mmoja ukiwa hatua mbili kutoka kwenye mawe yangu ya chokaa.

Nilisimama na mnyororo mkononi. Nilipaswa kwenda kibandani kwangu, kulikuwa na simu ya mteja imefunguliwa juu ya meza. Nilikuwa nimejifunza kuwa mbwa anayefungwa mchana kutwa huwa mkali na mwenye hofu, na tangu aelewe mawe yale sikumfunga tena. Lakini leo? Nilimvalisha mnyororo, nikamvua, nikamvalisha tena.

"Bibi, nimfunge?"

Alikuwa ameketi kwenye kigoda na kipepeo chake cha mkono kilichosukwa kwa ukili, anafukuza nzi. "Wewe waonaje?"

Hilo ndilo swali nisilolipenda maishani. Nilimvua mnyororo, nikaondoka upesi kabla sijageuza nia, na kufuli sikulivuta hata mara ya pili.

Saa saba na nusu simu yangu ikalia.

"Njoo nyumbani," bibi alisema, akakata.

Nilikimbia. Niliacha simu ya mteja wazi, jambo ambalo sijawahi kulifanya. Njiani niliona kila kitu mawazoni: mikeka imepinduka, bizari imetapakaa, mbwa amelala katikati yake. Nilijiuliza kama hawe ana sufuria la zamani linaloweza kuwa bakuli. Nilipofika langoni komeo likanishinda mara mbili.

Uani kulikuwa na maji. Maji ya bomba yalikuwa yamekuja ghafla baada ya siku nyingi, tangi likafurika na kumwagikia moja kwa moja juu ya banda la mbwa. Tope lilikuwa limefika kwenye mawe ya chokaa. Upande wa pili wa mawe, mikeka mitatu ilikuwa kama nilivyoiacha, bizari imekauka vizuri. Mbwa alikuwa chini ya mwarobaini, amelala usingizi, mkavu kabisa.

"Kaa," bibi alisema. "Wahema kama umefukuzwa."

Nikakaa chini.

"Tangi lafurika, mie niko mkekani nageuza bizari. Nasikia mshindo, naona mwenzio huyo, amerowa kichwa mpaka mkia, atoka mbio. Ameshafika kwenye mawe! Mie miguu yangu waijua, kusimama ni kazi. Basi nikapiga ukelele, 'Kauka!'" Alinitazama, macho yanang'aa. "Wallahi, akageuka. Hakujikung'uta hapa. Alikwenda kule kwake kwenye gunia, akajikung'uta huko, akalala."

"Akakusikia?"

"Mie mgeni kwake? Kila siku nasikia masomo yenu."

Nikamtazama mbwa, nikalitazama gunia lake.

"Sasa sikiliza," akaendelea. "Akakaa. Jua likamkausha. Akawa mkavu, na bado kakaa tu, ulimi nje, jua la utosi, aniangalia mie. Nikamwambia basi, nenda. Hataki. Nikakumbuka, wewe humpapasa mgongo kwanza."

Hapo nilikufa moyo. Katika wiki tano za mafunzo sikuwahi kufikiria kuwa siku moja nisingekuwepo kumpapasa. Nilimfundisha mbwa kusubiri mkono ambao ungekuwa mjini umeshika bisibisi.

"Nilifanya kosa, bibi. Sikukuelezea. Angeweza kuungua na jua."

"Mngoje mtu amalize maneno! Nikasimama, polepole, nikenda hadi kwenye mawe. Nikanyoosha hiki." Aliinua kipepeo, akakigeuza kwa mpini. "Kipepeo kikavu, mbwa mkavu, hapana neno. Nikamgusa mgongo. Akainuka, akaenda kunywa maji, akalala kivulini. Nami ndipo nikakupigia."

"Kwa nini ukaniambia nije?"

"Uje uone," alisema, kana kwamba nimeuliza jambo la kipuuzi. "Kitu kizuri kama hiki, nani nimsimulie? Jirani hataniamini."

Nilivuka mawe nikaenda kwa mbwa wangu. Nilimpapasa mgongo ingawa hakuhitaji. Manyoya ya tumbo yalikuwa yamerudi yote, membamba, yamelala upande mmoja. Niliporudi upande wa bibi nilikuta ametundika kile kipepeo kwenye msumari wa ukuta, karibu na mahali mpaka unapoanzia.

"Na kikae hapo," alisema. "Kwa siku usizokuwapo."

Nilitengeneza simu ya mteja jioni ile, na nikakiri kwake kwamba nimechelewa kwa sababu ya mbwa. Alinicheka, nikacheka pia.

Mwezi uliandama siku ya nne. Magharibi ilikuwa imetoka kuswaliwa, watoto wakakimbia barabarani wakipiga kelele kuwa umeonekana, na mimi nilisimama kwenye mawe ya chokaa na kamba mkononi, kwa sababu sharti ni sharti na hakuna aliyelifuta. Begi la mbwa nilikuwa nimeshalipanga: brashi, kadi ya chanjo, bakuli.

Bibi alitoka barazani na leso yake ya kuswalia kichwani. Alitazama begi.

"Wenda wapi na usiku huu waingia?"

"Ulisema mwezi ukiandama, bibi."

"Nilisema nataka utulivu. Mbona kelele naisikia kwako tu?" Alishika nguzo akashuka kidato kimoja. "Kesho futari nitakuletea, usipike. Na yule mwenzetu nitamwekea kichwa cha samaki."

Huyu ni mtu aliyetoka kunirudishia mbwa wangu, na kila sehemu ya mwili wangu ilitaka kusema ahsante na kunyamaza.

"Ahsante, bibi. Lakini kichwa kina miba. Itamkwama kooni. Labda mnofu, na usiwe na chumvi wala pilipili."

Kisha bibi akapiga makofi mara moja, akamwita mwanawe aliyekuwa ndani.

"Njoo usikie! Mbwa wa nyumba hii ana masharti kuliko mie!"

Alicheka mpaka akaketi. Mimi niliingia chumbani, nikarudisha bakuli mahali pake na kulijaza maji. Nyuma ya mlango, chini ya karatasi mbili za masharti, nikabandika ya tatu, ya kwangu, ili nimpe bibi nakala asubuhi: asile miba, asile mifupa ya kuku, na akikauka, mguse.